Maji ya sabuni na mgomba wa uani

Wapo wasemao Unguja na Pemba kwamba maji ya sabuni huunguza mimea, na kwa sababu hiyo maji ya kufulia humwagwa njiani ilhali mgomba wa uani unanyauka kwa kiu. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini imetiwa chumvi, na chumvi hasa ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Kinachodhuru si povu, bali sodiamu, madini yaliyomo pia katika chumvi, iliyomo katika sabuni, hasa ya unga, ambayo ikirundikana huharibu mshikamano wa udongo hata ukashindwa kupitisha maji vizuri. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe nayo ni kali zaidi. Maji ya kusuuzia na ya kuogea yana sabuni kidogo tu, na mgomba huyapokea vyema iwapo hayamwagwi pahala pamoja kila siku na mvua za masika zinapata kuusafisha udongo. Maji ya udhu hayana sabuni kabisa.

Maji ya kusuuzia na ya kuogea yatumike siku hiyo hiyo, kwani yakilala hunuka, wala yasimwagiwe mchicha. Kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, ambako maji hupenya upesi, yawekwe mbali na kisima.

Yale mazito ya kufulia yanafaa kumwagia choo, ambako sabuni haina cha kuunguza, ila ndoo yake isichanganywe na ya kuchambia.