Hata gari la kilomita nyingi humwagwa oili

Ujumbe ule umerudi tena kwenye makundi ya simu hapa Goma: eti gari likishapita kilomita 200,000 usimwage oili ya zamani, ongeza tu, maana oili mpya itaua moteri. Si kweli. Ukikufikia, tafadhali usimtumie mwingine.

Oili hubeba masizi na uchafu, na nguvu yake ya kulinda chuma huisha taratibu. Ukiongeza tu, uchafu unabaki na filta ni ile ile iliyojaa. Kwetu ni zaidi: vumbi la mawe ya volkano huingia kila mahali, na safari za Birere hadi Katindo ni fupi fupi.

Kuchanganyikiwa kwa watu kunaeleweka. Mtu hukaa miaka bila kumwaga. Siku anapomwaga, moteri inaanza kuvuja. Kumbe mipira ya kuzuia oili ilishakauka zamani, na tope zito ndilo lililokuwa limeziba. Oili mpya imefichua ugonjwa, haikuuleta.

Hakikisha mwenyewe. Simamisha gari mahali tambarare, zima moteri, ngoja dakika 10. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena: oili iwe kati ya alama mbili. Weusi peke yake usikutishe, hasa kwa dizeli. Usiku tandika katoni chini ya gari. Asubuhi utaona matone yameangukia wapi. Kilomita za kumwaga tena zimo katika kitabu cha gari. Kwa vumbi letu, wahi kidogo.