Si Kila Mjamzito Anahitaji Rufaa ya Muhimbili

"Sista, mimi niandikie tu rufaa ya Muhimbili." Ombi hili, ambalo kwa mkazi wa Mbagala huishia Temeke na kwa mkazi wa Tandale huishia Mwananyamala, ndilo linalosikika kuliko jingine lolote katika kliniki za wajawazito za jiji la Dar es Salaam, na mara nyingi linatolewa na mama ambaye presha yake ni nzuri, wingi wa damu unatosha, mtoto ametanguliza kichwa na uzazi wake wa kwanza ulikwenda salama. Ukimuuliza sababu, anajibu kwamba kule kuna madaktari bingwa. Ukimuuliza ni tatizo gani analotaka bingwa alitazame, anakuangalia kama uliyemnyima haki yake.

Nimekuwa mkunga kwa muda wa kutosha kujua kwamba anachokitaka mama huyo ni halali kabisa: anataka atoke na mtoto hai, asitukanwe, aelezwe kinachoendelea, na pakitokea jambo apatikane mtu wa kulishughulikia. Kosa liko kwenye imani kwamba mambo hayo huongezeka kadiri ghorofa zinavyoongezeka.

Dhana: Hospitali ikiwa kubwa zaidi, uzazi unakuwa salama zaidi

Ngazi za huduma zetu zinaanzia zahanati, zinapita kituo cha afya na hospitali ya wilaya, zinafika hospitali za rufaa za mkoa, ambazo kwa Dar es Salaam ni Amana, Mwananyamala na Temeke, na juu yake iko Muhimbili. Hospitali hizo za juu ziliwekwa kwa ajili ya mama mwenye kifafa cha mimba, aliyechanika kizazi, anayetoka damu isiyokoma, au mwenye mtoto njiti asiyeweza kupumua vizuri. Zinapojazwa na wanawake ambao wangejifungua salama jirani na kwao, mama wa kifafa anafika na kukuta kitanda kimekaliwa, na yule mzima aliyekikalia naye hapati uangalizi alioufuata, kwa sababu mkunga ni mmoja na waliolala mbele yake ni wengi.

Hapa naomba tupige hesabu, maana wanaoomba rufaa hawaipigi. Uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa angalau kila nusu saa, na mama akianza kusukuma yanasikilizwa kila baada ya dakika 5. Mikazo ya kizazi huhesabiwa kwa kuweka mkono tumboni kwa dakika 10, mapigo yenyewe husikilizwa kwa dakika nzima, na yote huandikwa kwenye patografu, yaani karatasi ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, achilia mbali presha, joto na maswali ya mama mwenyewe. Mkunga mwenye wanawake watatu waliokolea uchungu amekwisha kuimaliza nusu saa yake. Wa nne anasikilizwa kwa kuibia muda, na wa sita anasikilizwa akipiga kelele. Katika kituo cha afya chenye mama wawili leba kwa usiku mzima, kazi hiyo hiyo inafanyika kwa ukamilifu na mtu mwenye cheti kile kile, kwa kifaa kile kile cha kusikilizia mapigo. Mtoto anayeanza kuchoka tumboni haokolewi na jina lililoandikwa getini. Anaokolewa na mtu aliyegundua mapema kwamba mapigo yanashuka.

Vivyo hivyo kwa mtoto anayezaliwa bila kulia. Huyo anahitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo na, asipopumua, kuanza kupuliziwa hewa kwa mfuko na kinyago ndani ya dakika 1 ya kwanza. Mfuko huo unapaswa kuwapo zahanati. Bingwa aliyeko ghorofa ya juu haihusu dakika hiyo, kwa kuwa atakapofika itakuwa imepita.

Takwimu za taifa zinanipa hoja hii bila mimi kuhangaika. Kati ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 na ule wa 2022, wanawake wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81, na vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hayo ni mafanikio makubwa na sitaki kuyabeza. Lakini vifo vya watoto wachanga katika siku 28 za kwanza vilitoka 25 hadi 24 tu kwa kila vizazi hai 1,000. Wanawake wengi zaidi wameingia hospitali, na mtoto mchanga bado yuko karibu pale pale alipokuwa. Mimi nalisoma hilo hivi: kufika mlangoni hakutoshi kama ndani hakuna mkono ulio huru kumhudumia.

Kuna pia suala la barabara, ambalo mtu anayeishi Chanika au Bunju hapaswi kuelezwa na mkunga. Uchungu hauchagui saa. Mama wa uzazi wa tatu anayetoka Chanika kwenda katikati ya jiji, akapita Gongo la Mboto na Barabara ya Nyerere jioni watu wanapotoka kazini na magari yamejaa, anaweza kuzaa ndani ya bajaji huku akiwa amevipita vituo vyenye wakunga. Masika hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa bonde la Jangwani likijaa maji Barabara ya Morogoro hufungwa, na watu wa upande wa Magomeni hulazimika kuzunguka. Mtoto aliyezaliwa njiani hufika akiwa amepoa, kitovu kimefungwa kwa uzi uliopatikana, na mama ametoka damu ambayo hakuna aliyeipima.

Wapo wanaohitaji rufaa kweli, na kwao hatubishani: aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mtoto aliyetanguliza matako au kulala mkingamo, presha inayopanda, aliyetoka damu nyingi uzazi uliopita, mwenye seli mundu, mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo. Hao tunawaandikia mapema, tena tunakasirika wasipokwenda. Ni kinyume cha ajabu kwamba katika kundi hili ndimo ninamowapata wale wanaosema, "Sista, mimi nitazalia hapa hapa, nimewazoea."

Sasa, mama asiye na dalili yoyote naye anaweza kubadilika ghafla, na anayetaka hospitali kubwa kwa hofu hiyo ana hoja. Jibu lake ni kuuliza maswali sahihi kuhusu kituo cha jirani. Je, usiku kuna mkunga au kuna mlinzi peke yake? Oksitosini ya kuzuia damu baada ya kujifungua inakaa kwenye friji, na friji inafanya kazi? Upasuaji unafanyika hapa, kama unavyofanyika sasa katika vituo vya afya vingi, au unafanyika wapi, na gari la kunifikisha huko ni lipi? Usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga unaratibiwa na mfumo wa m-mama, na namba yake ni 115, unapiga bure. Iandike kwenye jalada la kadi ya kliniki, kwa sababu simu yako huenda ikawa na mwingine siku hiyo.

Ushauri wangu ninaoupenda, ambao wenzangu huniambia naurudia mno, ni huu: mimba ikifika miezi saba, nenda ukaione leba utakayojifungulia. Nenda jioni, zamu ikiwa imebadilika. Angalia kama kuna maji bombani, kama kuna taa ya akiba umeme ukikatika, na namna mhudumu anavyomjibu mama aliye kwenye maumivu. Ukiona kituo hakifai, utakuwa na wiki za kutosha kuchagua kingine cha jirani, na utakuwa na sababu ya maana kuliko "kule ni kukubwa". Sitetei zahanati inayofungwa saa tisa alasiri wala mkunga anayefokea watu. Hao walalamikiwe kwa mganga mfawidhi, kwa maandishi, na si kwa kuhama kimya kimya halafu mwenzako akaingia pale pale.

Dhana: Uchungu ukichelewa, dawa ya kienyeji inaufungulia njia

Chupa ya chai inapoingia leba kwenye kikapu cha mama mkwe, mimi huifungua na kuinusa. Si utovu wa adabu. Baadhi ya dawa za kuongeza uchungu hukaza kizazi kama inavyofanya oksitosini, kwa tofauti moja kubwa: oksitosini tunaihesabu kwa matone na tunaizima tukitaka, ilhali kilichonywewa hakizimiki. Mikazo ikifuatana bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na aliyewahi kupasuliwa anaweza kuchanika kizazi.

Kinachowasukuma watu kwenye chupa hiyo ni haraka isiyo na msingi. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu uliokolea kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5, na limesema wazi kwamba kutegemea kila mwanamke afunguke sentimita 1 kwa saa si sahihi. Kuanzia hapo, uzazi wa kwanza unaweza kwenda hadi saa 12 na unaofuata hadi saa 10, hali mama na mtoto wakiwa wazima. Kama umekunywa kitu, tafadhali tuambie. Hatutakufukuza, ila tutasikiliza mapigo ya mtoto mara nyingi zaidi.

Dhana: Kuingia na ndugu leba ni anasa ya hospitali za kulipia

Kuwa na mtu uliyemchagua wakati wote wa uchungu ni pendekezo la Shirika la Afya Duniani kwa kila mwanamke, na tafiti zimeonyesha kwamba anayekaa na msaidizi muda wote hupata uchungu mfupi zaidi na hupasuliwa mara chache kuliko aliyeachwa peke yake. Mara nyingi kinachozuia katika vituo vya umma ni kukosekana kwa pazia: vitanda vimepangwa bila kizuizi, na mume wa mmoja hawezi kuingia mbele ya wake za wengine. Basi mlete mama yako, dada yako au wifi mnayeelewana, na uliza jambo hilo kliniki kabla siku haijafika. Awe mtu anayeweza kukusugua kiuno na kukupa maji, asiwe wa kukuhadithia aliyefariki mtaa wa pili.

Dhana: Uzazi ni bure, kwa hiyo hakuna cha kuandaa

Sera inawasamehe malipo wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Stoo ikiishiwa, hata hivyo, ndugu atatumwa dukani usiku. Weka tayari glovu, mpira wa kulalia, kibanio cha kitovu, pamba, wembe mpya, kanga safi zisizopungua nne na nauli.

Dhana: Mtoto njiti anahitaji mashine kuliko anavyomhitaji mama

Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa 2021, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito mdogo sana waliowekwa kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie kwanza, walifariki kwa robo pungufu kuliko waliotenganishwa na mama zao hadi hali ilipotulia. Njiti bado anapaswa kutunzwa hospitalini, lakini joto lake liko kwenye ngozi ya mama, na mama akichoka, kwenye ya baba. Wababa wenye haya wavue mashati.

Dhana: Kitovu kikimwangukia mtoto wa kiume sehemu za siri, atakosa nguvu za kiume

Hapana. Kitovu hukauka na kudondoka chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili, na popote kitakapoangukia hakina la kufanya. Kinacholeta madhara ni majivu, poda na mafuta yanayopakwa ili kidondoke upesi, kwa maana ndiyo yanayoingiza vijidudu. Kiache wazi, kikavu, nepi ikunjwe chini yake.

Dhana: Manjano hutibiwa kwa jua la asubuhi, na kurudi kliniki ni wiki ya sita

Dhana hizi mbili naziweka pamoja kwa kuwa ndizo zinazoshirikiana kumchelewesha mtoto. Watoto wengi hupata manjano kidogo, yaani ngozi kugeuka njano, siku ya pili au ya tatu na yakaisha, lakini manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura, na yanayopanda sana yanaweza kuharibu ubongo. Jua halina kipimo, linamchoma mtoto, au anapata baridi upepo ukivuma, na linampa bibi imani kwamba matibabu yanaendelea huku siku zikienda. Tiba ni taa maalumu za hospitali na maziwa ya mama mara kwa mara. Maji ya glukosi hayamo.

Kwa sababu hiyo mama na mtoto wanapaswa kuonwa tena siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na ndipo ifuate wiki ya sita. Katikati ya siku hizo, msogeze mtoto dirishani mchana, bonyeza kidogo ngozi ya pua kwa kidole, achia, na utazame rangi inayobaki; kisha tazama kifua, viganja na nyayo. Ukikuta nyayo ni za njano, au mtoto analala hata muda wa kunyonya, ondoka saa hiyo hiyo kwenda kituo kilicho karibu nawe, na ikihitajika rufaa, nitaiandika mwenyewe bila kuombwa.