Paka wa kloni aliyekosa rangi ya machungwa

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, huwaonyesha wanafunzi wangu picha mbili za paka. Wa kwanza ni Rainbow, jike mwenye mabaka ya rangi tatu: nyeusi, nyeupe na ya machungwa. Wa pili ni CC, paka wa kwanza duniani kuzaliwa kwa kloni, tarehe 22 Desemba 2001, Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani. Alitokana na seli ya Rainbow, kwa hiyo jeni za kiini cha seli ni zilezile. Lakini ukimkagua kuanzia masikio hadi mkia, hana hata doa moja la machungwa. Darasa hudhani nimechanganya picha.

Jeni ya rangi ya machungwa kwa paka imo kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, naye hahitaji zote. Kiinitete kikiwa bado kichanga sana, kila seli huzima X moja, na ipi izimwe ni bahati nasibu. Mary Lyon alilieleza jambo hili mwaka 1961 alipokuwa akichunguza panya. Seli ikishazima, vizazi vyake vyote hubaki hivyo hivyo. Rainbow ana X moja yenye machungwa na nyingine isiyo nayo. Ndiyo maana nikimtazama Rainbow naona koo za seli: baka la machungwa ni ukoo mmoja, jeusi ni ukoo mwingine, na mipaka yao iko wazi juu ya manyoya.

CC alitoka kwenye seli moja tu. Katika seli hiyo X yenye machungwa ilikuwa imeshazimwa, na kloni haikuiamsha.

Weupe una sababu yake. Seli zinazotengeneza rangi huanzia mgongoni mwa kiinitete, kisha husafiri kuelekea tumboni na miguuni. Zisipofika, manyoya huota meupe. Hakuna jeni inayosema kila seli isimame wapi. Fundi wa batiki hunielewa haraka hapa: rangi ileile, mafundo yaleyale, na bado vitambaa viwili havitoki sawa.

Kwa binadamu, tazama vidole vya mapacha wa kufanana. Mistari yake huchorwa tumboni mwa mama, ngozi ikikua na kujikunja, na shinikizo dogo tu hubadilisha mkondo wake. Mama yao anaweza kuwachanganya kwa sura, lakini alama za vidole vyao hazilingani.