Shimo la kimondo cha Mbozi liko wapi?

Kila Juni 30 watu hukusanyika Ndolezi, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, kuadhimisha Siku ya Kimondo Duniani. Kuna ngoma, hotuba, nyama choma, wanafunzi wa sare za kila rangi. Mimi ni mjiolojia, na kazi yangu siku hiyo ni kujibu maswali. La kwanza huwa lilelile: mbona shimo lenyewe dogo hivi?

Lile shimo si la kimondo, jamani. Ni handaki lililochimbwa na watu kukizunguka, baada ya mpima ardhi W. H. Nott kukitambulisha kwa wataalamu mwaka 1930. Wenyeji walikuwa wakikijua siku nyingi. Wachimbaji waliacha udongo wa chini ukikishikilia, kwa hiyo leo unaona hata tumbo lake.

La kweli halionekani. Kimondo chetu ni bonge la chuma, kina urefu wa mita 3 hivi na kinakadiriwa kufikia tani 16. Kwetu ni kikubwa, ila kwa mawe ya angani ni kidogo, na hewa hukipunguzia mwendo sana kabla hakijatua. Kama kilichimba, mvua na udongo unaoteremka mlimani Marengi vimekwisha kulifukia shimo hilo.

Hapo ndipo tarehe yenyewe inaponichekesha. Umoja wa Mataifa ulichagua Juni 30 kwa sababu siku hiyo mwaka 1908 kitu kutoka angani kilipasukia juu ya Tunguska, Siberia, kikalaza msitu wa takribani kilomita za mraba 2,000. Kule miti ililala na jiwe halikuonekana. Huku tuna chuma chenyewe, alama ya kishindo ndiyo hatuna.

Ukiruhusiwa kusogea, tazama vile vibonyeo juu ya ngozi yake, kama vya dole gumba kwenye udongo wa mfinyanzi. Ni joto la kupasua hewa lililokilamba. Kisha zunguka utafute mahali palipokatwa kwa msumeno kuchukua sampuli: chini ya ule weusi kuna chuma kinachong'aa. Karibu asilimia 90 ni chuma, na nikeli inakaribia 9. Nikeli hiyo ndiyo inayokifanya kiwe kigumu na kisiliwe na kutu upesi. Upesi, nasema, kutu ipo, kwa hiyo msikikwaruze wala kukigonga kwa mawe ili msikie mlio.

Swali ninalolipenda zaidi huja kwa watoto. Wanyiha, wenyeji wa hapa, walikuwa mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma. Mbona wahunzi hawakukimaliza? Nawaambia wafikirie tanuru la udongo. Mawe ya madini unayaponda, unayatia kidogokidogo pamoja na makaa. Bonge hili haliingii, na kulimegua kwa nyundo ni kujitafutia maumivu ya mabega. Miko nayo ilikuwepo, wazee watakusimulia vizuri kuliko mimi.

Ningekuwa na sauti kwa waandaaji, ningepunguza hotuba nusu nzima nikawagawia watoto sumaku. Mtoto akiona sumaku imenata haulizi tena kama ni jiwe la kawaida. Ukija, fika mapema kabla mgeni rasmi hajaingia, na uvae sweta. Juni Mbozi ina baridi.