Kitabu cha Ajali Kisafi, Sanduku la Dawa Tupu: Dhana Potofu Kuhusu Ukaguzi wa Usalama Kazini

Katika kiwanda kimoja cha mikate Mombasa, msimamizi alinifungulia kitabu cha kuandikia ajali kwa fahari. Kurasa nyeupe tangu mwaka uanze. "Hapa kwetu hakuna ajali, ndugu yangu." Nikamwomba tutazame na sanduku la huduma ya kwanza, lililokuwa ukutani karibu na tanuri. Plasta zimekwisha. Bendeji imebaki moja. Na dawa ya kupaka mtu aliyeungua ilikuwa imekamuliwa hadi tyubu ikakunjwa, kama dawa ya meno mwisho wa mwezi. Kijana aliyekuwa akitoa mikate tanurini alijitazama mkono, akaurudisha nyuma ya aproni.

Nimezunguka na washauri wa usalama kwa miaka kadhaa, na takriban kila mahali tunapobisha hodi tunapokewa na kauli zilezile. Nazileta hapa zinavyosemwa.

"Sisi ni wadogo, sheria hiyo ni ya viwanda"

Kauli hii ina asili yake. Kabla ya 2007 Kenya ilitumia Sheria ya Viwanda na Mahali Pengine pa Kazi, Sura ya 514, na watu wakalishika neno la kwanza tu. Mwenye saluni, duka au ofisi akajiona hayumo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 iliifuta hiyo, na inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, awe wa kudumu au wa muda. Kinachochanganya wengi sasa ni namba 20. Ukifikisha wafanyakazi 20, lazima uwe na kamati ya usalama na afya. Namba hiyo ni ya kamati peke yake. Mwenye wafanyakazi sita anadaiwa ukaguzi wa kila mwaka sawasawa na mwenye mia sita.

"Tunasubiri wakaguzi wa serikali waje"

Mtasubiri sana. Afisa wa Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini, ile DOSHS, ana mamlaka ya kuingia na kukagua hata bila mwaliko, lakini hiyo ni kazi yake. Ukaguzi unaotajwa katika kifungu cha 11 cha sheria hiyo ya 2007 ni jukumu lako wewe mwenye mahali pa kazi. Angalau mara moja kila miezi 12 unamwita mshauri aliyesajiliwa, anakagua kwa kina, anakuandikia ripoti, na nakala anampelekea Mkurugenzi. Ukaguzi wa moto una kanuni zake za mwaka 2007, nao pia ni wa kila mwaka. Lifti huchunguzwa na mtu aliyeidhinishwa kila miezi 6. Cheti cha usajili wa mahali pa kazi ni jambo jingine tena, ingawa nimekiona kimetundikwa mapokezi, kwenye fremu ya dhahabu, mwenyewe akiamini kimemaliza yote.

"Tuna cheti, kwa hiyo tuko salama"

Agosti 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, mjini Karachi, Pakistan, kilipewa cheti cha SA8000, kipimo cha kimataifa cha haki na usalama wa wafanyakazi. Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo kiliungua. Watu zaidi ya 250 walikufa. Madirisha yalikuwa na nondo, na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Wino wa cheti ulikuwa bado mbichi.

Mwaka 2020 mahakama huko Karachi iliamua kwamba moto ule uliwashwa makusudi, katika kisa cha watu waliokuwa wakidai fedha kwa vitisho. Wapo wanaosema basi, waliokagua wasilaumiwe. Mimi sikubali. Mkaguzi hana uwezo wa kumzuia mchomaji, lakini mtu aliyebanwa ndani ya moshi hana habari na aliyewasha kiberiti. Anatafuta mlango.

Sheria ya Kenya inasema maadamu kuna mtu ndani, mlango wa kutokea lazima ufunguke kwa urahisi na mara moja kutoka ndani. Kulipima hilo hakuhitaji chombo chochote. Usiulize kama ufunguo upo. Mwambie mtu afungue, kisha utazame saa. Katika godauni moja pale Shimanzi, meneja alituhakikishia ufunguo uko kwa mlinzi. Mlinzi alikuwa ameenda kula. Aliporudi alikuja na kitita cha funguo, akaanza kujaribu mmoja mmoja. Vibarua waliokuwa wakipakua sukari wakasimama kutazama, na mmoja akawa anahesabu kwa sauti: "Wa saba huo. Wa nane." Kicheko kikapita. Meneja hakucheka. Zilikuwa dakika 9 tangu tuombe, na mlango ulipofunguka ulikwama katikati, kwa sababu upande wa nje kulikuwa na pipa la taka.

"Siku ya ukaguzi, vibarua wabaki nyumbani"

Hofu yenyewe naielewa. Nakala ya ripoti inakwenda kwa Mkurugenzi, na hakuna anayependa uchafu wake usomwe na serikali. Ila tuseme ukweli: umemlipa mshauri aje akague sakafu iliyopigwa deki na mashine zilizozimwa. Anayejua ni mashine gani hunasa mkono ni yule kibarua uliyemwambia asije. Mshauri mzuri hutaka kuongea na wafanyakazi bosi akiwa mbali, na sheria inamlinda mfanyakazi anayesema penye hatari asifukuzwe kwa kusema. Siku mtu atakapoumia, ni afadhali uwe na ripoti yenye kasoro kumi na tarehe ulizozirekebisha kuliko ile isiyo na doa.

"Wote wana helmeti na glavu"

Vizuri, lakini hapo mmeanzia mwisho. Kwanza huulizwa kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa, au kubadilishwa na kitu chenye nafuu, au kuwekewa kizuizi. Kisha mpangilio wa kazi. Vifaa vya kujikinga ndio vya mwisho. Mkanda wa mashine ya kusaga unga unaozunguka bila kifuniko hauzuiliwi na glavu. Tena glavu yenyewe ndiyo inayoweza kunaswa kwanza. Kelele ni hivyohivyo. Kanuni za 2005 zinakataza kumweka mtu kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku, na mara nyingi bolti moja iliyolegea ikikazwa hupunguza makelele kuliko katoni nzima ya vizibo vya masikio.

"Ripoti ni karatasi tu, tafuta ya bei nafuu"

Ofisi moja ya bima ilinionyesha yake. Kurasa 22, muhuri, sahihi, kila kitu. Mshauri alikuja asubuhi, akanywa chai na soda kwa meneja, akaondoka kabla ya saa nne bila kupanda orofa ya juu. Ukurasa wa 14 ulipendekeza foklifti ziwekewe honi na njia zake zichorwe mistari ya njano. Ofisi ina madawati, kompyuta na mashine ya kutolea nakala. Kuhusu lifti, ambayo siku hiyo ilitukwamisha kati ya orofa ya pili na ya tatu tukiwa na mzee mmoja aliyekuja kudai fidia yake, ripoti haikuwa na neno.