Mwendo wa bila wimbi: kile kibao cha ziwani kinataka nini hasa?

Binamu yangu yuko Minnesota kule Marekani, mtoto wa Tudor hapa Mombasa kabisa huyu, bahari aijua tangu hajajua kuvaa viatu, na majuzi kajinunulia kiboti cha alumini cha futi 14 na mashine ya mtumba ya nguvu za farasi 15 ili wikendi awe anavua badala ya kulala. Kafika ziwani, pale mahali boti hushushwa majini, kakuta nguzo ina kibao kimeandikwa SLOW NO WAKE, akapiga picha akanitumia na voisi noti: "Sasa hii wake si ndo kuamka? Nisimuamshe nani, hawa samaki?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Lakini ukikaa ukafikiria si swali la kijinga, manake hata hapa kwetu wako watu wanaendesha boti miaka na miaka na ukiwauliza hicho kitu ni nini watakwambia "ni kwenda polepole tu", na si hivo, au tuseme si hivo peke yake.

Wake ni ule mkia wa maji. Boti ikipita inapasua maji, yanasukumwa kando alafu yanarudi kuziba pengo nyuma ya shetri, yaani upande wa nyuma wa boti, na hapo ndo unaona mistari miwili ya mawimbi inafunguka kama mkasi, inatanuka, inatanuka, mpaka ifike ufuoni ipige. Kibao kinasema nenda kwa mwendo ambao huachi mkia huo. Kiswahili chetu hakina neno moja lililozoeleka kwa jambo hili, kwa hivyo hapa nitasema mwendo wa bila wimbi, na ukipenda kusema bila mkia sawa tu, mvuvi atakuelewa.

Kwa nini iwe shida? Siku moja nilikuwa nimekaa upande wa maji pale Tudor jioni, mzee mmoja yuko kwenye hori lake anavua kwa mshipi, hori lenyewe ukingo wake umetoka juu ya maji kama shubiri moja hivi. Ikapita boti ya spidi, vijana wanapiga kelele, muziki juu, hata karibu naye haikupita. Mzee hakuitazama ile boti hata kidogo. Aliweka mshipi chini akaukanyaga kwa kidole gumba cha mguu, akashika kasia, akaligeuza hori omo, yaani ile pua ya mbele, ilielekee wimbi, akangoja. Wimbi la kwanza likamnyanyua, la pili likamnyanyua, la tatu likaingia ndani. Boti ishapotea zamani kwenye kona na yeye ndo kwanza anachukua kopo anafua maji. Alipokuja pwani nikampa pole akanambia, "Boti hainizamishi mwanangu, mkia wake ndo unanizamisha." Sijapata maelezo bora kuliko hayo mpaka leo, na sheria zote nitakazotaja hapa chini ni sentensi hiyo imevaa suti.

Sasa hapa ndo penye utamu na ndo watu wengi hukosea. Unadhani ukipunguza mwendo na wimbi linapungua, si ndivyo? Sivyo. Boti ndogo ya mashine ina hatua tatu. Ya kwanza inatambaa, imekaa ndani ya maji imelala sawa, wimbi ni dogo. Ya pili inaanza kupanda, omo inakwenda juu huoni mbele, shetri inazama, mashine inalia, boti kama inajaribu kupanda kilima ilichokitengeneza yenyewe, na kweli ndivyo ilivyo. Ya tatu imeshaupanda ule mlima, sasa inateleza juu ya maji, imelala tena, inakwenda mbio. Wimbi kubwa kuliko yote linatoka hatua ya pili, wala si ya tatu. Kwa hivyo nahodha anayekuja mbio akaona kibao, akapunguza mafuta nusu akajiona mstaarabu, huyo ndo kaharibu kabisa, katoka kwenye kuteleza kaingia kwenye kulima maji, na kila mtumbwi ulioko hapo utamlaani. Punguza mpaka omo ishuke na boti ilale. Kwa kiboti cha futi 14 kama cha binamu hatua ya kwanza inaishia kama noti 5 hivi, yaani kilomita 9 kwa saa, na boti ikiwa ndefu zaidi mpaka huo unasogea juu kidogo.

Ndo maana waliotunga sheria kule hawakuandika nambari peke yake. Sheria ya Minnesota inasema mwendo huo ni ule wa chini kabisa unaotosha boti kuendelea kutii usukani, na kwa vyovyote usizidi maili 5 kwa saa, ambazo ni kilomita 8. Ona walivyofanya: kipimo cha kwanza ni usukani, nambari imekuja nyuma kama kufuli. Manake kwa boti nzito iliyojaa watu hata maili 4 zinaweza kuacha mkia mzuri tu, na hapo huwezi kumwambia askari "lakini sikuzidi tano". Ukitaka kujua kama umefika, usitazame kioo cha spidi, geuka nyuma. Ukiona povu jeupe limekufuata bado uko juu. Ukiona maji yamekunjika kidogo tu kama shuka lililovutwa, hapo sawa.

Na kwa nini maziwa madogo ndo yabanwe zaidi? Kwa sababu wimbi halina pa kwenda kufia. Huku kwetu ukitoka nje ya mwamba bahari inameza kila kitu, lakini ziwa dogo mkia wako unafika ng'ambo bado una nguvu, unakula udongo wa ufuo, unafurika kwenye viota vya ndege wanaotaga usawa wa maji, alafu kama ziwa ni la kina kifupi panga la mashine linavuruga tope la chini na tope lile lina mbolea yake, likipanda juu mwani unashamiri maji yanakuwa kijani na mvuvi ndo wa kwanza kuumia. Wisconsin, majirani wa Minnesota, walikata maneno kabisa: ziwa lenye njia ya umma ambalo halizidi ekari 50, yaani kama hekta 20, boti ya mashine ni mwendo wa bila wimbi ziwa zima, hakuna cha katikati wala pembeni. Na kwenye maziwa makubwa zaidi ukiwa ndani ya futi 100 kutoka ufuoni vile vile.

Usichanganye hii na kikomo cha mashine lakini. Hayo ni mambo mawili na ziwa moja laweza kuwa na yote mawili, au moja, au hata moja hakuna. Kikomo cha mashine hakijali unakwendaje, kinajali umefunga nini pale shetri. Kuna eneo la pori huko huko kaskazini mwa Minnesota linaitwa Boundary Waters, sheria yake ya mwaka 1978 imeacha maziwa mengi bila mashine kabisa, kasia tu, na yale machache yaliyoruhusiwa mengine mwisho farasi 25 na mengine mwisho 10. Sasa binamu na farasi 15 zake kwa ziwa la 25 yuko sawa, kwa ziwa la 10 ana makosa hata akienda mwendo wa kobe. Alafu kuna maziwa ya mashine ya umeme peke yake, Pennsylvania wanayo mengi ya namna hiyo, na Ujerumani ziwa la Königssee boti za abiria ni za umeme tangu 1909, wengine wanadhani umeme umeanza juzi na magari. Hizi mashine za umeme za kuvulia zinauzwa kwa ratili za msukumo na si kwa farasi kwa hivyo watu huchanganyikiwa, lakini hesabu yake ni nyepesi: ile ya ratili 55 inakula kama ampea 50 kwenye betri ya volti 12, zidisha upate wati 600, na farasi mmoja ni wati 746, yaani hata farasi mmoja hajatimia. Kabla hujashusha boti ziwa la umeme uliza kitu kimoja zaidi: ile mashine ya petroli inaruhusiwa kubaki imefungwa ikiwa imezimwa na kunyanyuliwa, au haitakiwi kuonekana majini hata kama imelala? Kila ziwa lina jibu lake na watu wamelipa faini kwa hilo.

Aina ya tatu ni nambari kavu ya spidi, kama Windermere kule Uingereza, tangu 2005 mwisho ni noti 10, kama kilomita 18 na nusu kwa saa, na wale wa kuburutwa na boti wakiteleza juu ya maji wakalia sana.

Haya, utajuaje ziwa lako lina ipi? Swali la kujiuliza ni moja, haya maji mwenyewe ni nani? Minnesota wanajisifu maziwa 10,000, mpaka kwenye plati za magari wameandika, na huwezi kukuta sheria moja inayafunika yote. Juu kabisa ipo sheria ya jimbo. Chini yake kaunti au mji unaweza kuweka ya kwake kwa ziwa fulani, ila Minnesota lazima idara ya maliasili ya jimbo iidhinishe, na idara hiyo hiyo ndo inaweka orodha ya ziwa kwa ziwa, kaunti kwa kaunti, kwa hivyo ndo pa kuanzia. Tafuta jina la ziwa pamoja na kaunti, usitafute jina peke yake, manake maziwa yanayoitwa Mud Lake ni mengi ajabu na unaweza kusoma sheria ya ziwa liko saa tatu kutoka kwako. Mwisho nenda pale pa kushushia boti usome kibao, Wisconsin sheria ya mji ni lazima ibandikwe hapo. Kama kibao kimeanguka au jua limekifuta maandishi, piga simu ofisi ya kaunti, au muulize mwenye duka la chambo, ingawa huyo wa chambo mchukue kama umbea mzuri tu, uhakikishe.

Kwetu mambo yamekaa kivingine kidogo. Maji ya bandari yako chini ya mamlaka ya bandari, ukiingia hifadhi ya bahari ya Mombasa, ambayo ipo tangu 1986, hapo ni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, leseni na ukaguzi wa vyombo vidogo ni mamlaka ya bahari, na pwani kuna BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ambao wanajua kila kitu na kila mtu. Na ile kanuni ya kimataifa ya 1972 ya kuzuia vyombo kugongana, kwenye mwendo haina noti hata moja, inasema mwendo salama tu, kisha inakuhesabia vitu vya kuangalia kama uonaji, msongamano, upepo na kina cha maji. Nahodha ndo apime.

Binamu kapata jibu lake: ziwa lake kikomo cha mashine hakuna, mwendo wa bila wimbi ni kwenye ule mlango mwembamba unaounganisha maji mawili, na karibu na pa kushushia boti. Kanitumia video kajirekodi anapita pale mlangoni taratibu, anajisifu. Nikamwambia sura yako naijua, geuza simu nyuma nione maji. Kageuza. Povu tele.