Pengo la kiafya kati ya watu wa rangi na asili tofauti: maana yake

Pengo la kiafya la kirangi ni hali ambapo kundi moja la watu huugua zaidi, huchelewa kutibiwa au hufa mapema kuliko kundi jingine, kwa sababu ambazo jamii ingeweza kuziondoa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Wazee huugua kuliko vijana, na hakuna anayesema vijana wamewadhulumu. Wazungu hupata saratani ya ngozi iitwayo melanoma mara nyingi zaidi kuliko watu weusi, kwa kuwa ngozi nyeupe ina kinga ndogo dhidi ya jua, na hiyo ni tofauti tu. Lakini mtu mweusi akiipata saratani hiyo hiyo, mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshasambaa, na uwezekano wake wa kupona huwa mdogo. Hapo yanaingia mambo mengine: daktari aliyejifunza kuutambua ugonjwa kwa picha za ngozi nyeupe, kliniki iliyo mbali, bima isiyokuwepo. Mtafiti Mwingereza Margaret Whitehead, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikiweka kipimo kwa ufupi: ni tofauti isiyo ya lazima, inayoepukika na isiyo ya haki.

Nchi iliyolipima pengo hili kwa muda mrefu na kwa undani ni Marekani. Mwaka 1985 waziri wa afya wa wakati huo, Margaret Heckler, alitoa ripoti iliyokadiria kwamba kila mwaka vifo takriban 60,000 vya watu wa makundi ya wachache visingetokea kama viwango vyao vya vifo vingekuwa sawa na vya Wazungu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali yenyewe kuliandika jambo hilo kwa ukubwa wake, ingawa msomi mweusi W.E.B. Du Bois alikuwa ameshalieleza tangu 1899 katika utafiti wake juu ya Weusi wa Philadelphia, na tena mwaka 1906.

Swali linaloulizwa upesi ni hili: je, si suala la damu na kurithi? Wengi huutaja ugonjwa wa selimundu kuwa ushahidi. Ukiufuata vizuri, unakupeleka kwingine kabisa. Kinasaba cha selimundu kilienea mahali palipokuwa na malaria, kwa sababu aliyerithi nakala moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana ugonjwa huo upo Afrika Magharibi na ya Kati, lakini upo pia India, Uarabuni na sehemu za Ugiriki, na ni nadra katika maeneo ya Afrika ambayo hayakuwa na malaria nyingi. Unafuata mbu, haufuati rangi. Rangi ya mtu haimwambii daktari mengi kuhusu vinasaba vyake. Inamwambia mengi kuhusu namna mtu huyo alivyotendewa na nchi anayoishi, na mwili unayaweka hayo kumbukumbu.

Jibu la pili linalokuja haraka ni umaskini. Lina ukweli mwingi, lakini halitoshi, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huachia njiani. Vifo vya uzazi vinaonyesha vizuri. Mwaka 2021 nchini Marekani walikufa wanawake weusi 69.9 kwa kila vizazi hai 100,000, na wanawake wa Kizungu 26.6. Kama umaskini ndio ungekuwa kila kitu, mwanamke mweusi mwenye shahada ya chuo kikuu, mwenye kazi na bima, angekuwa salama sawa na mwenzake wa Kizungu. Takwimu za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo, zilizotolewa 2019, zilionyesha kwamba kiwango cha vifo vinavyotokana na ujauzito kwa wanawake weusi wenye shahada kilikuwa zaidi ya mara 5 ya kile cha Wazungu wenye shahada. Kilizidi hata kile cha wanawake wa Kizungu ambao hawakumaliza sekondari. Mcheza tenisi Serena Williams, mwenye mali na umaarufu wote ule, alipojifungua mwaka 2017 alilazimika kuwasisitizia wahudumu kwamba anahisi damu imeganda kwenye mapafu. Ilikuwa kweli. Uingereza, ambako matibabu hayalipiwi mlangoni, wanawake weusi bado wamekuwa wakifa kwa sababu za ujauzito na uzazi kwa kiwango cha kati ya mara mbili na mara nne ya wanawake wa Kizungu katika ripoti za miaka ya karibuni.

Maelezo mojawapo yanatoka kwa mtafiti wa afya ya umma wa Marekani Arline Geronimus, aliyependekeza mwaka 1992 kwamba mwili wa mtu anayeishi chini ya ubaguzi siku zote huchakaa kabla ya umri wake. Homoni za msongo zinazopaswa kupanda na kushuka hubaki juu, shinikizo la damu hupanda mapema, mishipa huchoka. Alianza kuliona hilo kwenye uzazi: kwa wanawake weusi, kuzaa katika miaka ya ishirini na kitu hakukuwa salama zaidi kwa mtoto kuliko kuzaa kabla ya kutimiza ishirini, kinyume na ilivyo kwa Wazungu.

Sehemu kubwa ya pengo hutengenezwa kabla mgonjwa hajafika hospitali. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kuitia wino mwekundu mitaa ya Weusi kuwa ni hatari kukopeshwa. Mitaa mingi kati ya hiyo hadi leo ina miti michache, joto kali zaidi na hewa chafu zaidi, na watoto wake hupelekwa hospitali kwa pumu mara nyingi zaidi. Bima nayo hufuata kazi, na kazi zenye bima nzuri hazikugawanywa sawa. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 ilipunguza idadi ya wasio na bima katika kila kundi, lakini Mahakama Kuu iliamua mwaka 2012 kwamba kila jimbo lina hiari ya kupanua bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Majimbo mengi yaliyokataa yako kusini, wanakoishi zaidi ya nusu ya Wamarekani weusi. Walatino na Wamarekani wa asili ndio wanaobaki bila bima kwa kiwango kikubwa zaidi.

Ndani ya hospitali kuna yale yanayotokea kati ya mtu na mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Chuo Kikuu cha Virginia uligundua kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wanafunzi wa Kizungu waliohojiwa waliamini angalau jambo moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Walioamini hivyo walikadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo na kupendekeza tiba isiyofaa. Hawa hawakuwa watu wa karne ya 19. Ongeza hapo mgonjwa asiyejua lugha ya daktari, anayetafsiriwa na mwanawe wa miaka kumi kwa sababu mkalimani hakuitwa, na utaona jinsi maelezo ya ugonjwa yanavyopotea kabla kipimo chochote hakijafanyika.

Mara nyingi lawama hugeuzwa kwa wagonjwa wenyewe: hawaamini madaktari, hawaji kliniki. Kutoaminiana kupo, na kuna historia. Kuanzia 1932 hadi 1972 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 huko Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao. Hawakuambukizwa na watafiti, kama inavyosimuliwa mara kwa mara. Waliachwa bila tiba, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida ya kaswende kufikia 1947, ili madaktari waone ugonjwa unavyoendelea. Rais Bill Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Hata hivyo, naona tunaitaja Tuskegee kupita kiasi tunapoeleza kwa nini watu hawaendi hospitali leo, huku tukisahau kuuliza kama hospitali yenyewe ipo karibu, iko wazi baada ya saa za kazi, na inapokea bima waliyo nayo.

Kwa upande mwingine, pengo likifanyiwa kazi husogea. Kabla ya katikati ya miaka ya 1960 hospitali nyingi za kusini ziliwatenga Weusi au kuwakataa kabisa. Mpango mpya wa bima ya wazee ulipoanza mwaka 1966, serikali ilisema hospitali inayobagua haitalipwa hata senti. Ndani ya miezi michache hospitali zipatazo 1,000 ziliondoa ubaguzi wa wazi. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto wachanga weusi kusini vilishuka kwa kasi, hasa vile vya kuhara na nimonia, ambavyo hospitali huweza kuvizuia.

Ubaguzi wa wazi ni rahisi kuuona. Ule uliojificha kwenye vifaa na hesabu ni mgumu zaidi, kwa sababu anayeutekeleza anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hufanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, na ngozi nyeusi hufyonza sehemu ya mwanga huo. Utafiti uliochapishwa Desemba 2020, katikati ya janga la korona, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa ambao kifaa kilisoma oksijeni ya kuridhisha, asilimia 11.7 ya Weusi walikuwa na upungufu wa hatari uliothibitishwa na kipimo cha damu, dhidi ya asilimia 3.6 ya Wazungu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, utafiti mwingine ulichunguza programu iliyotumiwa na hospitali kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu haikuulizwa rangi ya mtu. Iliangalia gharama zilizotumika kumtibu zamani, na kwa kuwa Weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo kwa ugonjwa ule ule, iliwaona wazima. Kosa hilo lingerekebishwa, sehemu ya Weusi kati ya wanaopewa uangalizi huo ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Figo ndizo zenye kisa kinachoumiza zaidi. Wamarekani weusi ni takriban asilimia 13 ya wananchi, lakini ni kama theluthi moja ya wanaosafishwa damu kwa mashine. Uwezo wa figo hukadiriwa kwa kemikali iitwayo kreatinini iliyomo kwenye damu. Kanuni ya hesabu iliyotolewa 1999 ilizidisha jibu la mtu mweusi kwa takriban 1.2, na ile ya 2009 kwa 1.159, kwa dhana kwamba watu weusi wana misuli mingi zaidi. Jibu kubwa humaanisha figo nzuri. Ili muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa uanze kuhesabiwa kabla mtu hajaanza mashine, jibu linatakiwa lisizidi 20. Chukua mtu mweusi ambaye hesabu bila rangi ingempa 18: kwa kuzidishwa kwa 1.159 anapata karibu 21. Mzungu mwenye kreatinini ile ile, umri ule ule na jinsia ile ile anaanza kuhesabiwa muda, lakini Mweusi huyo anarudishwa nyumbani kungoja figo ziharibike zaidi.

Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa figo wa Marekani lilipendekeza kanuni mpya isiyotumia rangi. Kisha, kuanzia Januari 2023, vituo vyote vya upandikizaji vilitakiwa kupitia kumbukumbu za wagonjwa weusi waliokuwa kwenye orodha, kuwajulisha, na kuwarudishia muda wa kusubiri waliostahili kuhesabiwa tangu mwanzo. Kufikia mapema 2024, wagonjwa zaidi ya 14,000 walikuwa wamerekebishiwa muda wao, kwa wastani wa miaka miwili kila mmoja.